Siku mbili Goma: mji uliojengwa juu ya mji mwingine

Mgeni anayekuja Goma kwa siku mbili tu huona kwanza mlima. Boti kutoka Bukavu ikikaribia bandari, Nyiragongo inaonekana nyuma ya mji, pana kwa chini na imekatika kwa juu kama chungu kilichovunjika mdomo. Usiku, miaka ile ambapo ziwa la lava linachemka ndani ya kreta, mawingu juu yake huwa mekundu. Halafu boti inafunga kamba, mgeni anashuka, na kitu cha pili anachokiona ni jiwe. Jiwe jeusi, lenye matundu, lenye makali yanayokula viatu. Ukuta ni jiwe, barabara ni jiwe, uwanja wa shule ni jiwe, na hata pale mama anapotandika shuka yake kuuza nyanya, chini yake ni jiwe.

Kwa kawaida wenyeji humpeleka mgeni sehemu zilezile: kando ya ziwa kula sambaza, kwenye sanamu ya tchukudu kupiga picha, Petite Barrière kuangalia watu wanavyovuka kwenda Gisenyi na kurudi. Siku mbili zinaisha, anarudi kwao na picha nzuri. Lakini amekanyaga historia ya mji bila kuisoma, kwa maana jiwe la Goma lina tarehe. Liko la 1977, liko la 2002, liko la 2021, na chini ya hayo yote kuna ya zamani ambayo hakuna aliyeyaandika.

Tuanze na hayo ya zamani. Milima ya Virunga ni minane, na mirefu kuliko yote ni Karisimbi, mita 4,507. Sita imelala. Miwili iko macho, na yote miwili iko upande wa Kongo: Nyamulagira, ambayo hutapika mara nyingi lakini moto wake kwa kawaida huishia ndani ya pori la Virunga, na Nyiragongo yenye mita zipatazo 3,470, ambayo haitapiki mara nyingi lakini inautazama mji. Wataalamu wa ardhi wanaeleza kwamba kabla ya volkano hizi kuinuka, maji ya bonde hili yalikuwa yakienda kaskazini, upande wa Nile. Volkano ziliziba njia kama mtu anavyoziba mfereji kwa mawe, maji yakajaa nyuma ya ukuta huo, mwishowe yakapata njia ya kusini kwa mto Ruzizi hadi Tanganyika. Kwa maneno mengine, Ziwa Kivu lenyewe ni kazi ya milima hii. Mgeni anayesifu ziwa na kuogopa mlima anasifu mtoto na kuogopa mzazi.

Wazee wa eneo la Virunga walikuwa na maelezo yao. Katika simulizi za kale za pande hizi, wafu wema walikaa Karisimbi kwenye baridi na theluji ya mara mojamoja, na wabaya walitupwa katika moto wa Nyiragongo. Jina la mji nalo wengi hulitoa kwenye ngoma, kwa ajili ya mngurumo wa mlima. Mtu anaweza kubishana kuhusu maneno hayo, lakini yanaonyesha jambo moja wazi: waliokaa hapa kabla ya mji walijua jirani yao ni nani.

Mzungu wa kwanza kupita hapa naye alikuwa mgeni wa siku chache. Huyo ni Gustav Adolf von Götzen, Mjerumani. Aliondoka Pangani, pwani ya Tanganyika, mwishoni mwa 1893 na msafara mkubwa wa wapagazi wa pwani, akapita Rwanda ambako alipokelewa na Mwami Kigeri Rwabugiri, na mwezi wa sita 1894 akapanda Nyiragongo na kufika kwenye Ziwa Kivu. Kisha akaendelea magharibi hadi Atlantiki. Vitabu vya shule viliandika kwamba «aligundua» ziwa, ziwa ambalo watu walikuwa wakivua ndani yake na kuvuka kwa mitumbwi tangu vizazi na vizazi. Alivyobeba kwenda kwao vilikuwa ramani na maelezo, na hivyo ndivyo vilivyoleta balaa. Kwenye karatasi za Ulaya mpaka wa Kongo ya Leopold ulikuwa umechorwa na watu wasiojua ziwa liko wapi, na Wajerumani sasa walikuwa na sababu ya kudai zaidi. Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza walivutana juu ya milima hii kwa zaidi ya miaka kumi, mpaka mapatano ya 1910 yalipokata ziwa katikati. Kisiwa cha Idjwi kikabaki Kongo. Gisenyi ikabaki kwa Wajerumani. Na kituo cha Wabelgiji kilichoangaliana na Gisenyi, hatua chache upande huu, ndicho kilichokua na kuitwa Goma.

Kwa hiyo mji haukuwekwa pale kwa sababu ardhi ilikuwa salama. Uliwekwa pale kwa sababu ya mpaka. Hilo ni la kukumbuka kila mara mtu anapouliza kwa mshangao, «Lakini kwa nini mlijenga hapa?» Aliyechagua hakuwa mkaaji.

Kwa miaka mingi Goma ilikuwa mahali padogo pa kupitia: nyumba za Wazungu kando ya ziwa, maghala ya kahawa, bandari, watalii wa pori lililoanzishwa 1925 kwa jina la mfalme Albert na ambalo leo ni Virunga. Mwaka 1948 mwanasayansi Haroun Tazieff alishuka ndani ya kreta na kuona ziwa la lava likichemka, na watu wa nje wakaanza kuijua Nyiragongo kama kitu cha ajabu cha kutazamwa. Lava hiyo ilikuwa ikionekana humo tangu 1928. Ilizoeleka.

Kisha ikaja tarehe 10 mwezi wa kwanza 1977. Kuta za mlima zilipasuka pembeni, na ziwa lote la lava likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Lava ya Nyiragongo si kama ya milima mingine. Ina silika kidogo sana, kwa hiyo ni nyepesi, inateremka kama maji. Kwenye miteremko ya juu ilikwenda mbio kama gari barabarani, na mtu kwa miguu hakuwa na nafasi. Hesabu ya waliokufa inatofautiana, kutoka watu wapatao 70 hadi mamia kadhaa, na tofauti hiyo yenyewe inasema kitu kuhusu jinsi watu wa vijiji vya mteremko walivyohesabiwa wakati huo. Tembo nao walinaswa. Lava iliwazunguka ikaganda, miili ikaoza, na ndani ya jiwe yakabaki matundu yenye umbo lao. Mto wa moto ulisimama kabla ya kufika katikati ya mji. Goma ilipumua, na ikajenga.

Ilijenga kwa haraka. Mwaka 1988 Kivu kubwa iligawanywa na Goma ikawa makao makuu ya Kivu Kaskazini. Biashara ya ndege ikakua, maana mboga na nyama za milimani zilipakiwa kwenda Kinshasa. Watu wakashuka kutoka Masisi na Rutshuru, kwanza kwa ajili ya kazi, baadaye kwa kukimbia vita. Mitaa ikapanda kaskazini kuelekea mlima: Majengo, Virunga, Bujovu, Mabanga. Mji ulikua ukielekea kule kule moto ulikotoka, kwa sababu kusini kuna ziwa na mashariki kuna mpaka.

Katika mwezi wa saba 1994 jiwe lilionyesha ubaya wa aina nyingine. Kwa siku chache tu, watu wanaokaribia milioni moja walivuka kutoka Rwanda na kujaa Goma na pembeni zake, Kibumba, Katale, Mugunga. Kipindupindu kikaingia. Waliokufa katika majuma machache wanakadiriwa kufika 50,000. Na ardhi ilikataa kuwapokea: huwezi kuchimba kaburi kwenye lava kwa jembe, wala choo, wala kisima. Maiti zilifungwa kwenye mikeka na kupangwa kandokando ya barabara, mpaka mashine kubwa za majeshi ya kigeni zilipokuja kufungua mashimo. Wakaaji waliokuwa watu wazima wakati ule hawapendi kuulizwa habari hiyo na mgeni wa siku mbili, na wana haki.

Sasa 2002. Hapa ndipo mgeni anapaswa kusimama, kwa sababu katikati ya mji wa leo, kutoka uwanja wa ndege kushuka Birere hadi ziwani, anatembea juu ya mwaka huo.

Wataalamu wa Kituo cha Volkano cha Goma, OVG, walikuwa wameona dalili. Dieudonné Wafula, mmoja wao, alikuwa amekwisha kuonya kwamba mlima unajiandaa. Lakini mji ulikuwa mikononi mwa waasi wa RCD, nchi ilikuwa imekatwa vipande, vifaa vilikuwa vichache na vingine vimeibiwa. Nani angemsikiliza mtu wa kupima matetemeko? Asubuhi ya tarehe 17 mwezi wa kwanza, nyufa zilifunguka kwenye mteremko wa kusini na kushuka, moja juu ya nyingine, hadi karibu na Munigi, mlangoni mwa mji. Hilo ndilo lililokuwa jipya. Safari hii moto haukutoka juu ya mlima peke yake, ulitoka ardhini karibu na nyumba za watu. Mchana ulikuwa kwenye uwanja wa ndege. Jioni ulikuwa katikati ya mji. Usiku uliingia ziwani, na mvuke ukapanda.

Lava hii ilienda polepole kuliko ile ya 1977, na hilo liliokoa watu wengi. Mtu aliweza kuiona inakuja, kuchukua godoro, kuchukua mtoto, kutoka. Lakini nyumba haina miguu. Karibu asilimia 13 ya mji ilifunikwa, na ndiyo asilimia iliyokuwa na maduka, maghala, ofisi. Kanisa kuu la Saint Joseph liliungua. Sehemu ya kaskazini ya njia ya ndege ilizikwa. Watu wapatao 120,000 walibaki bila nyumba. Waliokufa wanahesabiwa kati ya 100 na 170, na wengi wa hao hawakuuawa na lava inayotembea: siku chache baadaye kituo cha mafuta kilichozungukwa na mawe ya moto kililipuka wakati watu walikuwa wakichota mafuta humo. Hao walikuwa watu waliopoteza kila kitu siku nne kabla na walikuwa wakitafuta bidoni moja ya kuuza.

Watu laki tatu au zaidi walivuka kwenda Gisenyi. Mashirika yalianza kupanga kambi, mahema, miezi ya chakula. Lakini baada ya siku mbili tatu wakaaji walianza kurudi. Walipita juu ya lava iliyokuwa bado moto, wakikanyaga haraka kwa viatu vinavyoyeyuka, wakati ardhi bado inatetemeka na wataalamu wanasema msirudi. Magazeti ya nje yaliandika kwamba ni ukaidi. Lakini kumbukumbu ya 1994 ilikuwa na miaka minane tu. Watu wa Goma walikuwa wameona kambi ni nini na watu hufaje ndani yake. Kuogopa kambi kuliko kuogopa mlima haukuwa ujinga.

Kisha wakajenga juu yake. Sentensi hii ni fupi lakini ndiyo mji wenyewe. Palepale kwenye kiwanja cha zamani, mita moja au mbili au zaidi juu ya sakafu ya zamani, mtu alisawazisha mawe na kusimamisha nyumba ya mbao, kwa sababu mbao ni nyepesi na zinahamishika. Majengo ya ghorofa yaliyobaki wima katikati ya lava yaligeuka: ghorofa ya kwanza ikawa chini, mlango wa zamani ukawa shimo lililozikwa. Mgeni akiona dirisha lililo karibu na usawa wa barabara, asidhani fundi alikosea.

Jiwe lenyewe likawa mali. Makoro, ndivyo wengi wanavyoyaita, yanavunjwa kwa nyundo na wanaume, akina mama na, kwa aibu ya mji, watoto pia. Yanauzwa kwa kujenga kuta, misingi na mabarabara. Tchukudu inayabeba. Gari hiyo ya mbao yenye magurudumu mawili, isiyo na injini wala baskeli, inashuka kutoka Kibumba na viazi, kabichi na makala, halafu inasukumwa tena kupanda. Mji uliiwekea sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye rond-point. Ni miji michache iliyompa heshima hiyo mbebaji badala ya mtawala, ingawa wenye tchukudu wangependa zaidi barabara nzuri.

Njia ya ndege iliyofupishwa nayo haikusahau. Tarehe 15 mwezi wa nne 2008, ndege ya abiria iliyokuwa ikienda Kisangani ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa lami na kuingia kwenye nyumba na maduka ya Birere. Watu wasiopungua 40 walikufa, wengi wao wakiwa wamekaa zao nyumbani. Wengi walisema njia ingekuwa na urefu wake wa zamani, mambo yangekuwa mengine. Lava iliyopoa miaka sita ilikuwa bado inahesabiwa kati ya sababu za kifo.

Siku ya pili, mgeni akipelekwa magharibi, upande wa Lac Vert na Bulengo, aonywe asikae kwenye mabonde madogo asubuhi mapema. Pale kuna mazuku. Ni hewa ya kaboni inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi, inalala kwenye sehemu za chini wakati hakuna upepo. Mbuzi anashuka kula majani na hainuki. Mtoto anamfuata mbuzi. Neno hili la kwetu limekubaliwa na wanasayansi wa dunia, wanaliandika hivyohivyo «mazuku» katika vitabu vyao vya Kiingereza na Kifaransa. Hewa hiyohiyo, pamoja na methani, imejaa chini ya Ziwa Kivu, kwa wingi unaohesabiwa kwa kilomita za ujazo mamia. Ziwa Nyos la Kameruni lilitoa hewa ya namna hiyo mwaka 1986 na watu wapatao 1,700 walikufa usiku mmoja, na kandokando yake hapakuwa na mji wa watu zaidi ya milioni moja.

Ndiyo maana mwaka 2021 hofu ilikuwa ya pande mbili. Jumamosi tarehe 22 mwezi wa tano, jioni giza likiingia, anga iliwaka nyekundu. Hakuna king'ora kilicholia. Vibao vya rangi ambavyo OVG iliweka mjini baada ya 2002, kijani, njano, machungwa, nyekundu, havikuwa vimebadilishwa. Watu waliambiana kwa simu na kwa kelele. Lava ilishuka Kibati, ikakata barabara ya Rutshuru, ikameza sehemu ya Buhene, ikasimama karibu kabisa na uwanja wa ndege. Watu wasiopungua 30 walikufa, baadhi katika ajali za barabarani wakikimbia, wengine kwa kuvuta hewa mbaya walipojaribu kuvuka lava kabla haijapoa. Maelfu ya nyumba yaliteketea. Siku tano baadaye, tarehe 27, kabla ya mapambazuko, gavana wa kijeshi Constant Ndima alitangaza kwamba mitaa kumi ihamwe, kwa hofu kwamba moto unatembea chini ya mji na chini ya ziwa. Watu wanaokaribia 400,000 walitoka, kwa Sake, kwa Rutshuru, kwa boti hadi Bukavu, kwa mpaka.

Kwa nini kimya kile? Msaada wa Benki ya Dunia kwa OVG ulikuwa umekwisha 2020, na kwa miezi kadhaa kituo kilikosa hata intaneti ya kupokea habari kutoka kwenye mitambo yake milimani. Ni haki kuongeza kwamba utafiti uliotolewa mwaka uliofuata ulionyesha dalili za matetemeko zilianza dakika 40 hivi tu kabla ya mlipuko. Hata kituo chenye kila kitu kingepata muda mfupi sana. Lakini dakika 40, kwa mama wa Buhene mwenye watoto watano, ni muda mwingi. Na mji uliokwisha kuunguzwa mara mbili kwa miaka 25 haukupaswa kusubiri mfadhili wa mbali ili ulipe intaneti.

Leo mgeni haji tena kwa ndege. Uwanja ulifungwa mwezi wa kwanza 2025, siku ambazo M23 waliingia mjini, na safari hii si lava iliyoziba njia. Kambi za waliokimbia vita zilizokuwa zimejaa pembeni, Mugunga, Bulengo, Kanyaruchinya, zilivunjwa, mbao na maturubai yakaondoka, na jiwe likaonekana tena.

Mgeni akipata nusu siku kabla ya boti yake kuondoka, apande moto hadi Buhene. Barabara imepasuliwa kupita katikati ya lava ya 2021, kuta nyeusi kulia na kushoto. Juu ya kuta hizo kuna nyumba za mbao, mpya, paa za mabati zinang'aa. Mpaka wa kiwanja ni safu ya makoro yaliyopangwa kwa mkono. Mbele ya baadhi ya milango watu wamemwaga udongo mweusi ulioletwa kwa mifuko kutoka mbali, kiasi cha meza mbili, na humo wamepanda vitunguu.